Kibana Petroli

27 Novemba 1982, Jumamosi

Daftari hili nimepewa na Mwalimu Ferista. Kaniambia niandike kila siku, hata mstari mmoja, mwandiko wangu uache kufanana na nyayo za kuku kwenye tope. Nikamjibu kwamba mimi Boazi Nzunda nimefika darasa la tano, na la sita halikunishinda, tuliachana kwa wema. Akacheka. Anafundisha elimu ya watu wazima hapa kijijini, wazee wenye mvi wanasimama akiingia. Mimi nimemzidi miezi miwili, sisimami.

Nijitambulishe, maana daftari halinijui. Nina miaka kumi na tisa na mimi ndiye fundi wa mashine ya kusaga ya kijiji. Ikikohoa naiuliza inaumwa wapi, inaniambia. Kijiji chetu kipo ukingoni kabisa mwa nchi ya juu ya Mbozi. Ukipita nyuma ya ghala hatua mia, ardhi inaisha, unaona bonde lote mpaka upande wa Mbangala. Barabara ya kushukia huko inaitwa Kona Saba, na zipo saba kweli, nimezihesabu.

30 Novemba

Mvua ya kwanza. Nimesaga madebe ishirini na mawili. Basi.

3 Desemba, Ijumaa

Leo nimetajwa kwenye halmashauri ya kijiji, na si kwa ubaya.

Habari yenyewe ni lori. Tunalo moja, la petroli. Lilichukuliwa kwenda vita vya Kagera, likarudi bila kioo kimoja na bila breki za maana. Dereva ni Mjomba Zebedayo, kaka yake mama, ndiye aliyenilea tangu baba alipofariki. Mjomba si mtu wa maneno. Leo kasimama, kofia mkononi, akasema, "Brekishuu zimeisha. Nakanyaga mara tatu ndipo zinashika. Kwa mvua hizi mimi sishuki Kona Saba na mahindi mgongoni." Akakaa. Kwa Mjomba hiyo ni hotuba ya sherehe.

Ndugu Nathanaeli, katibu wa kijiji, akasema wilayani vipuri hakuna, Mbeya hakuna, labda Tunduma kwa wale wenye maduka ya uani. Wakakubaliana magunia mawili ya maharage ya kijiji yaende yakabadilishwe na brekishuu. Nani aende? Mjomba akasema, "Mpwa wangu. Chuma anakijua."

Nimeyaandika maneno hayo kama yalivyotoka. Ferista alikuwepo anaandika muhtasari. Nikamkonyeza. Akaendelea kuandika.

6 Desemba, Jumatatu

Tunduma. Ule si mji, ni foleni iliyoezekwa mabati. Wabemba, Wanamwanga, watu wa pwani, wote wanapiga kelele kwa wakati mmoja na wote wanaelewana.

Nikaelekezwa kwa Amri, mtu wa Ujiji, kofia ya vitobo, sauti ya asali. Brekishuu? Akatikisa kichwa. "Wiki tatu, nne, zikija. Lakini fundi kama wewe unahangaika na brekishuu za nini?"

"Umejuaje kuwa mimi fundi?"

"Mikono, bwana. Nikiona mkono najua."

Akanipeleka nyuma, akafunua gunia, akatoa kitu cha ukubwa wa kipande cha sabuni, rangi ya shaba, kina mdomo huku na mdomo huku, kimegongwa herufi za kigeni. Kinaitwa kibana petroli, kinafungwa kwenye mpira wa petroli kabla ya kabureta. Ndani kuna sumaku. Petroli ikipita inachanganuliwa, inaungua yote, hakuna inayotoka bure kwenye ekzosi. Gari lililokunywa debe linakunywa nusu. Akasema magari yote ya migodini Kitwe yanacho. Alikuwa anapita dereva wa Zambia, mtu mzima mwenye tumbo, Amri akampigia kelele, akianza kwa salamu ya Kibemba, "Ba mudala, mulishani! Kinafanya kazi hakifanyi?" Yule akainua kidole gumba, "Bwino sana!" akaenda zake.

Nikakaa juu ya gunia langu la maharage nikafikiri kama mtu aliyesoma. Breki ni shida ya Mjomba peke yake. Petroli ni shida ya nchi nzima. Nani atamkumbuka mtu aliyeleta brekishuu?

Nimekileta. Kipo chini ya mto ninapoandika. Kina ubaridi mzuri.

8 Desemba

Leo ningekufa. Halmashauri imekaa, Ndugu Nathanaeli kaweka kibana mezani kakitazama kama mjusi. "Tulikutuma nini?"

"Brekishuu, Ndugu Katibu."

"Na hiki ni nini?"

Nikaeleza sumaku, nikaeleza Kitwe, nikaongeza na Ndola kwa hiari yangu. Mzee mmoja akasema maharage ya kijiji yameliwa na mtoto, apelekwe polisi Vwawa. Wengine wakaitikia. Ndipo Mjomba akakichukua kile kitu. Akakigeuza huku na huku, halafu akanitazama mimi kwa muda kuliko alivyokitazama chenyewe.

"Tukijaribu kwanza," alisema. "Kikishindwa, hayo maharage nidaini mimi."

Shamba la Mjomba la maharage ni dogo kama leso. Nikatamani nicheke, sikucheka.

12 Desemba, Jumapili

KIMEFANYA KAZI.

Ndugu Katibu mwenyewe alipima petroli jana asubuhi, kwa kile kijiti cha mwanzi chenye alama kinachotumbukizwa kwenye tenki. Lori likashuka na mahindi Mbangala, likapita Saza, likalala huko, likarudi leo kabla ya saa nane, maana Jumapili baada ya saa nane magari hayaruhusiwi barabarani. Safari hiyo siku zote hula alama nane. Kijiti kikatumbukizwa mbele ya watu. Tano! Alama tano tu!

Mimi sikwenda, nilikuwa na mashine. Lakini nilisimama nyuma ya ghala kulisikiliza, na hapo nikajua kabla ya wote. Lori letu likishuka Kona Saba hulia kama ng'ombe anayechinjwa. Jana halikulia. Lilifika kona ya kwanza, kimya. Kimya mpaka chini kabisa mtoni, ndipo nikalisikia linaunguruma. Kibana kimelainisha mpaka mlio.

Enoka, utingo wetu, alinibeba mabegani akanizungusha ghala zima. Ana miaka thelathini na minne na watoto watano, amekuwa utingo tangu mimi naanza shule. Kila lori likisimama anapanda kwenye usukani anageuza-geuza, hajawahi kupata leseni. "Fundi Kibana!" anaimba. "Fundi Kibana katufungia petroli!"

Mjomba alishuka, akaenda kunawa. Alinawa mikono muda mrefu.

14 Desemba

Kila mtu ananiita Fundi Kibana. Ferista ananiita Boazi.

25 Desemba

Krismasi. Ukungu tangu asubuhi, waliokwenda kanisani walipotea njia wakiwa wamevaa viatu. Ruti, mke wa Mjomba, alichinja jogoo. Mjomba hakula paja lake, kanisogezea. Nikamwambia, "Mjomba, umri huo, kula." Ruti akaniangalia vibaya.

9 Januari 1983, Jumapili

Safari ya nne, alama tano tena. Ndugu Katibu ameandika barua wilayani: kijiji chetu, kwa ubunifu wa vijana wake, kimepunguza matumizi ya petroli. Kanisomea mwenyewe. Jina langu limo kwenye mstari wa tatu. Nimemwomba Ferista aniandikie nakala, kasema yeye si karani wangu. Halafu akauliza, "Boazi, na breki zilishapatikana?"

Nikamwambia lori linasimama, au umeliona limepitiliza?

16 Januari

Mvua. Lori limekwenda, limerudi. Tano.

23 Januari

Mvua. Tano. Magurudumu yananuka kama kwato zinazoungua. Nimemwambia Mjomba ni harufu ya matope ya bondeni. Akasema, "Eeh."

29 Januari

Jibu la wilayani limekuja. Wamepongeza. Na kwa kuwa kijiji kinatumia kidogo, kibali chetu cha petroli kimepunguzwa: tutapewa ya alama tano kila safari, iliyobaki wapewe wenye shida. Ndugu Nathanaeli ameisoma ile pongezi kwa sauti kubwa, ile ya kibali kwa sauti ndogo.

Mjomba aliposikia alikaa kwenye ngazi ya lori. Nikamwambia afurahi, tumekuwa mfano. Akasema, "Boazi, umewahi kuona mbuzi akipunguziwa kamba kwa sababu hakuivuta?" Sikuelewa. Sikuuliza pia, nilikuwa na watu wa kunipongeza.

6 Februari

Nilikuwa naazima jembe kwa Ruti. Akasema bila kunitazama, "Mjomba wako siku hizi akienda bondeni anavua saa ya mkononi, ananiachia."

Nikasema labda anaogopa matope. Akaendelea kupepeta.

13 Februari

Dizeli ya mashine imekwisha, haitakuja mpaka mwezi ujao. Kina mama wamerudi kwenye vinu. Fundi Kibana hana kazi. Jumamosi nitapanda lori nikakione kitu changu kikichapa kazi.

19 Februari, Jumamosi. Naandika Mbangala, chini ya turubai, daftari gotini, Ferista asinicheke

Mjomba hakutaka niende. "Kaa nyumbani." Nikang'ang'ania. "Basi kaa juu na Enoka." Mvua ikanisaidia, nikaingia mbele.

Tulipofika ukingoni akasimamisha lori. Akavuta pumzi. Halafu akatoa gia, akageuza ufunguo, injini ikazima.

Nikadhani limezimika lenyewe. Nikasema, "Mjomba, niteremke nione kabureta?" Akaachia breki ya mkono.

Sijui nielezeje. Lori la magunia sitini likianza kutembea bila injini linakuwa kitu kingine. Unasikia mvua, magunia yanasuguana, mawe madogo yanaruka chini. Kona ya kwanza ikaja polepole, ya pili si polepole, ya tatu nilishika mlango. Mjomba anakanyaga, anaachia, anakanyaga, mguu unazama mpaka chini, anavuta breki ya mkono, kuna kitu kinalia kama msumeno. Moshi ukaingia kwenye kioo kisichokuwepo. Kona ya tano gurudumu la nyuma lilitoka barabarani, Enoka juu akapiga kelele ya furaha. Ya furaha! Anadhani ndivyo lori linavyoendeshwa sasa. Kona ya saba Mjomba alilipeleka kwenye ukingo wa udongo, likakwaruza ubavu mzima, likapungua, likaingia kwenye tambarare ya mto. Hapo akawasha.

Ule mngurumo niliokuwa nausikia nyuma ya ghala ndio huo.

Nikasema, "Tangu lini?"

"Tangu ile safari ya kwanza."

"Na kibana?"

"Kibana hicho hakina kitu, Boazi. Nilijua siku ile ile mezani. Lakini ungepelekwa Vwawa."

Nikamwambia aache sasa, ashuke na gia ya kwanza kama zamani. Akacheka kwa pua. "Kwa petroli gani? Wananipa ya alama tano. Nisipozima kushuka, sina ya kupandia. Nitalala mtoni na mahindi yao, halafu waje wapime, waulize."

"Kwa hiyo kila Jumamosi..."

"Kila Jumamosi."

Enoka akachungulia kutoka juu, uso mzima meno. "Umeona, Fundi Kibana? Lori linaruka lenyewe!"

25 Februari

Bado kuna sehemu ya kichwa changu inayosema kibana kinasaidia hata kidogo. Kichwa hicho nakifahamu, ni kigumu. Jumatano tulitumwa Mpemba kuchukua mbolea, barabara ni ya kawaida, hakuna Kona Saba. Nikamwomba Mjomba asizime popote. Kijiti: alama tatu. Leo tumetumwa tena, njia ile ile, mzigo ule ule. Nimekitoa kibana, nimeunga mpira moja kwa moja. Kijiti: alama tatu.

Nimetumbukiza mara mbili. Nimekifuta, nimetumbukiza tena. Halafu nimekirudisha kibana mahali pake, watu wasiulize.

Nimemkumbuka yule Mzambia wa kidole gumba. Amri alimwamkia na kumuuliza kwa pumzi moja, tena nusu Kiswahili. Labda lile "bwino" lake lilijibu salamu tu, kwamba hajambo.

5 Machi

Mvua. Nimesimama nyuma ya ghala. Kimya, kimya, kimya. Mngurumo. Nikakaa chini kwenye majani yenye maji.

12 Machi

Mvua. Kimya kirefu zaidi. Mngurumo.

15 Machi, Jumanne

Nimekwenda kwa Ndugu Nathanaeli nyumbani kwake, nimevaa shati. Nimemweleza yote: kuzima, kona, alama tatu za Mpemba. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa anamenya muwa. Si mtu mbaya. Watoto wake wana viraka kama sisi.

"Kwa nini unaniambia mimi?"

"Arudishiwe petroli, Ndugu Katibu. Na brekishuu zitafutwe."

"Barua imeshakwenda, Boazi. Imeshajibiwa. Mwezi wa nne watu wa wilayani wanakuja kutazama kibana, wakifundishe vijiji vingine. Niandike nini? Kwamba tulidanganya, au kwamba hatujui kupima?" Akatema makapi. "Dereva analalamika?"

"Hawezi kulalamika. Ananificha mimi."

"Basi na wewe mfiche yeye."

27 Machi, Jumapili

Redio imeanza jambo jipya tangu juzi: wahujumu uchumi. Walanguzi wanakamatwa nchi nzima, nyumba zinapekuliwa. Watu wametoka Tunduma wanasema vyooni kumejaa sabuni na vitenge, watu wanatupa mali wenyewe. Duka la uani la Amri limefungwa, yeye kakimbilia kwao au kavuka kwenda kwa Wabemba, hakuna anayejua. Mtu kakamatwa kwa matairi mawili.

Mimi nilimpa Amri magunia mawili ya mali ya kijiji. Jina langu limo kwenye barua, mstari wa tatu.

Ndugu Nathanaeli amepita mbele ya mashine. "Umesikia redio?"

"Nimesikia."

"Vizuri."

30 Machi

Kwaya ya kanisa imealikwa Mbangala kuimba Pasaka. Watashuka na lori Jumamosi, juu ya mahindi. Watu ishirini na sita. Ferista ni sauti ya kwanza.

Nimemwambia asiende. Akauliza sababu. Nikasema mvua. Akasema, "Sema kweli siku moja uone kama utakufa." Alikuwa anatania.

2 Aprili, Jumamosi

Naandika kwenye stoo ya ofisi ya kata. Mlango umefungwa kwa nje. Lusubilo mgambo ni rafiki yangu, kaniachia daftari na kalamu, kasema vingine hana la kufanya.

Asubuhi walipanda wote, magauni ya bluu, wanaimba tayari. Mjomba alikuwa kwenye usukani, mkono wa kushoto mtupu, saa hana. Uso wake ulikuwa wa mtu anayesoma barua ya msiba. Ndugu Nathanaeli alikuwepo na kijiti chake.

Nilikuwa nimechukua patasi na nyundo. Nilifungua boneti. Watu wakadhani Fundi Kibana anafanya mbwembwe zake, wakapiga makofi. Nikakikata kibana kwenye mpira, nikakiweka kwenye bampa, nikapiga. Pigo la tatu kikafunguka.

Ndani kulikuwa na sumaku ya spika ya redio, nusu tu, na kipande cha steliwaya ya kusugulia sufuria. Nikavinyanyua juu. Nikasema kwa sauti ambayo sikuijua, "Hiki ndicho nilichowaletea! Hakifanyi kitu! Mjomba anazima injini Kona Saba na breki hana tangu mwaka jana, ananificha mimi! Shukeni!"

Mtu mmoja alicheka. Halafu hakuna aliyecheka.

Ferista alikuwa wa kwanza kushuka. Hakuniangalia, aliangalia magurudumu. Akaweka kiganja kwenye ringi, akakinusa, akawaambia wenzake, "Teremkeni." Wakateremka mmoja mmoja, wanashikana mikono.

Ndugu Nathanaeli akaninyooshea kijiti. "Huyu mtoto ni mhujumu. Mmemsikia kwa kinywa chake. Ameharibu kifaa cha kijiji mbele ya macho yenu, wiki ambayo wilaya inakuja." Akamgeukia Mjomba. "Na wewe, washa gari. Mahindi yanasubiriwa Mbangala, watu wakienda wasiende."

Mjomba akashuka. Akamwekea ufunguo mkononi, taratibu, kama anavyomrudishia mtu chenji. "Endesha mwenyewe, Ndugu Katibu."

Ndiyo maana tumo humu wawili. Mjomba amelala chali juu ya magunia ya chumvi, anakoroma. Ruti ameleta ugali na mlenda, kapitisha chini ya mlango. Mjomba hajawahi kukoroma hivyo tangu Desemba, kasema.

Najua tunapelekwa Vwawa. Najua redio inasemaje. Lakini leo nimekula ugali nikashiba.

3 Aprili, Pasaka

Kwaya imeimba hapa hapa. Tumeisikia. Mjomba kasema sauti ya tatu wanapotea.

Nimemuuliza mbona hakuniambia siku ile ile kwamba kibana ni takataka. Akasema, "Ulikuwa umefurahi." Halafu, "Na mimi nilidhani ni safari moja."

4 Aprili, Jumatatu ya Pasaka

Asubuhi Lusubilo kaja dirishani, hana raha. Kasema Ndugu Nathanaeli kapata dereva, mpira wa petroli umeungwa, lori linashuka leo, mahindi lazima yafike kabla ya Jumatano wageni wasije wakayakuta ghalani. Dereva gani? Enoka. Kaomba mwenyewe. Kasema amekaa na lori hilo miaka kumi na miwili, analijua kuliko mkewe, na akilifikisha watamtafutia leseni.

Mjomba alisimama ghafla mpaka kichwa kikagonga boriti. "Kapewa petroli kiasi gani?"

"Ya siku zote, Mzee Zebe. Tano."

"Mwambie nataka kumwona."

Lusubilo alikwenda. Alirudi akasema Enoka anasema ataonana na Mjomba akirudi, sasa hivi ana haraka, na kasema asante kwa yote aliyomfundisha.

Lilipita mbele ya ofisi kama saa nne. Mjomba alipanda juu ya magunia, akatia mdomo kwenye nondo za dirisha akapiga kelele, mtu ambaye sijawahi kumsikia akipiga kelele. "Enoka! Usizime! Gia ya kwanza, Enoka! Usizime!" Nami nikapiga. Enoka alitusikia sauti, sijui kama alisikia maneno. Alipiga honi mara mbili, akatupungia kofia. Tabasamu lake lote lilikuwa nje.

Mvua haikunyesha leo. Siku ya kwanza kavu mwezi mzima. Ndiyo maana tulisikia vizuri. Lilipanda mpaka ukingoni. Likasimama. Mjomba akashika nondo.

Likazima.

"Anafanya nilivyofanya," Mjomba alisema. "Kila kitu. Miezi minne amekaa juu ananitazama."

Tukasikiliza. Mjomba alikuwa anahesabu kona kwa vidole vya mkono uliokuwa kwenye nondo, kimoja, kingine, kingine. Alipofika kwenye kidole cha tano akasimama hapo. Aliniambia, "Sikiliza wewe, masikio yangu yamechoka na injini." Nikaweka sikio kwenye dirisha. Nilisikia kuku. Nilisikia mtu anatwanga. Nilisikia watoto wa Enoka wanagombania kitu uwanjani pa shule.

Mama wa kinu alimaliza kutwanga. Alianza kupepeta. Nilisikiliza mpaka kivuli cha nondo kikatoka ukutani kikaja miguuni kwangu.

5 Aprili

Wamefungua mlango saa moja asubuhi. Lusubilo, na Ndugu Nathanaeli nyuma yake, bila kijiti, macho yamevimba. Hawakusema tumesamehewa. Hawakusema tunapelekwa Vwawa. Kilio cha nyumbani kwa Enoka kilisikika mpaka hapo mlangoni.

Walikuwa wametuletea majembe mawili na sururu.